Sweta la Mkono wa Kijani

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe kwenye njia panda ya Mkiwa. Mama yangu ameketi juu ya sanduku langu la bati, anafuma mkono wa sweta kwa spoki mbili za baiskeli, na kila injini inapounguruma kwa mbali anaongeza kasi ya vidole. Mimi nimesimama kando, nimekunja mikono kifuani kwa sababu ya ule upepo wetu wa Singida usiojua mlango wala ukuta, nikisubiri lori la kunipeleka Mbeya. Wakati ule niliiona kama asubuhi yoyote. Leo ningekuwa na pa kuinunua, ningeuza kila nilicho nacho.

Mwanangu, juzi ulinipigia simu ukasema sweta alilokufumia shangazi yako Salome linakuwasha shingoni, na kwamba rafiki yako wa bwenini analitamani, je, umgawie? Nikakuambia subiri kwanza. Simu ina haraka zake, na jambo hili halitaki haraka. Ndiyo maana leo nimeketi kuliandika.

Mimi si mzee wa mkongojo. Lakini mtembezi hula miguu yake, nami yangu nimeila Mbeya, Makambako, Sumbawanga na Tabora, na sasa niko hapa Manyoni karibu na stesheni, ambako kila treni ikipiga honi natazama begi langu. Kwa hiyo sikuambii maneno ya mtu aliyetulia. Nakuambia ya mtu aliyeondoka mara nyingi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake duka lilikuwa na mwenye duka na rafu, basi. Sabuni ukiisikia mahali unakimbia na foleni inakimbia nawe. Halafu milango ikafunguliwa, na nguo za mitumba zikamwagwa sokoni Singida mafungu kwa mafungu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tuliita mpya hata kilichotoboka viwiko. Akina mama wa kwetu wakagundua jambo: sweta kuukuu la mtumba lisilomfaa mtu huweza kufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukanyoshwa, ukafumwa upya kwa kipimo cha mtoto wako. Sindano zilikuwa spoki za baiskeli, unamwomba fundi anakuchongea ncha juu ya jiwe.

Mama alijifunza kufuma kwa akina mama wa kanisani, lakini kwa uzi laini wa dukani. Nilipomaliza kidato cha nne, baba mdogo akanipatia kazi Mbeya kwenye ghala la viazi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na huyu mdogo wake ndiye aliyetuangalia. Kila aliyesikia habari hiyo alisema neno moja tu: baridi. Mama akaenda kwenye mafungu, akarudi na sweta zito kama gunia lililolowa, kubwa la kumtosha ndama. Akalifumua, dada Salome akikunja uzi kuwa donge, halafu akafuma kipupwe kikiwa kinaingia. Uzi ule haukuwa wa kiwandani kama tulivyozoea. Ulikuwa manyoya ya kondoo kweli, na harufu yake ilibaki.

Alipomaliza aliniita nilivae mbele ya majirani. Nikapitisha kichwa. Mwanangu, shingo yangu iliwaka!

"Mama, hili si sweta, ni upupu!"

Watu wakacheka sana. Mama naye akacheka. Lakini niliuona mkono wake ukipita begani kwangu, ukipangusa uchafu ambao haukuwepo.

Kile kicheko kilinikaa. Nikataka nilitengeneze mwenyewe mama akiwa kisimani. Nyumbani kwetu kila kigumu dawa yake ilikuwa magadi: maharage yakikataa kuiva, magadi, mlenda ukigoma, magadi. Nikainjika sufuria, nikatia magadi, maji yalipochemka nikatumbukiza mkono mmoja wa sweta, maana sufuria ilikuwa ndogo. Nikakoroga kwa mwiko. Nilijiona fundi.

Mama aliporudi alitua ndoo bila kuifunika. Alipouvuta ule mkono ulikuwa umerudi nyuma hadi kipimo cha mtoto wa kubebwa mgongoni, mnene, mgumu kama kwato.

"Nani kakwambia hili ni harage?"

Salome alikuwa ameziba mdomo kwa khanga asicheke. Mama akaketi, akaliweka lile sweta mapajani, na sauti yake ikashuka.

"Mwanangu, si kila kigumu kinalainishwa kwa moto. Kitu kikikuwasha, kiulize kwanza kimetoka wapi, ndipo utajua kinataka nini."

Basi. Akaukata ule mkono, na kwa kuwa uzi wa kondoo ulikuwa umekwisha, akachukua uzi wa kijani uliobaki kwenye sweta la shule la Salome. Safari yangu ilikuwa keshokutwa. Kesho yake akanituma kijijini kumuaga baba mdogo, akasema nisirudi kabla jua halijatua. Niliporudi nilikuta sweta limelazwa juu ya mkeka barazani kama mtu aliyepumzika, halina mkono upande mmoja. Nilipotaka kuligusa nikapigwa kofi la vidole.

Angeweza kuniaga stendi ya Singida mjini, akarudi zake nyumbani kwetu Mandewa. Lakini mkono ulikuwa haujakwisha. Akapanda basi pamoja nami, anafuma njia nzima, hadi Mkiwa ambako malori ya kwenda Itigi na Mbeya hupinda. Wauza mayai na kuku wa pale barabarani hawakuchelewa kumwona.

"Mama, lori likija utamfunga kijana kwa uzi asiondoke?" mmoja akauliza.

"Ungekuwa unatosha ningemfunga," mama akajibu bila kuinua macho.

"Mwache aende na mkono mmoja! Wa pili atafumiwa na mkewe."

"Huyo mke ajue kwanza kuchemsha maharage, maana huyu anachemsha nguo."

Hata mimi nilicheka. Lori likaja, dereva akapiga honi, mama akawa bado anashona mkono begani kwa sindano ya gunia. Dereva akapiga tena. Muuza mayai akaenda akasimama mbele ya lori na trei yake kichwani, akamwambia dereva, "Kanyaga mayai kama una haraka." Ndivyo mama alivyopata nafasi ya kukata uzi kwa meno. Nikalivaa pale pale.

Halikuwasha. Lilikuwa laini, linateleza shingoni kama mkono wa mtu.

"Mama, umelifanyaje?"

"Dawa yake ninayo mimi. Likianza kuwasha tena, lilete."

Nikapanda. Nilipogeuka, alikuwa bado ameshika zile spoki mbili tupu.

Kipupwe kilichofuata sweta lilianza kuwasha, maana nililifua kwa sabuni ya mche na kulianika juani kama shati. Nikarudi nyumbani. "Shikamoo mama," nikasema mlangoni. "Marahaba. Limewasha?" akauliza kabla hata ya habari za njia. Akanituma kwa baba mdogo, nikazunguka, na niliporudi likawa laini. Nilikaa kidogo, nikala ugali wa uwele na mlenda, nikasimulia Mbeya hadi sauti ikakauka. Mwaka mwingine nikarudi tena, hivyo hivyo.

Halafu ujana ukanichukua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini huko Mbeya, soko la Mwanjelwa, kulikuwa na majaketi ya mtumba yenye manyoya ndani na zipu inayong'aa, nami nikanunua moja. Sweta nikalitia chini ya begi. Nikahama Mbeya, nikaenda Makambako, nikahama tena. Madereva waliotoka Singida na vitunguu walinipata popote nilipokuwa, maana watu wa njia hujuana, na kila mmoja alishuka na swali lile lile:

"Mama yako anauliza, sweta halijaanza kuwasha?"

"Mwambie haliwashi kabisa."

Nilidhani namtuliza. Nilidhani mzazi akisikia mambo ni mazuri, moyo wake unakaa. Nikajibu hivyo kipupwe hadi kipupwe, nikijisifu kwamba mimi si mtoto wa kusumbua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijua viazi na barabara.

Siku moja dereva alikuja bila swali. Alivua kofia kwanza.

Nilipofika Mandewa nilimkuta ameshazikwa. Wageni walipopungua nilitoa lile sweta begini, nikamuuliza dada, "Dawa ya mama ilibaki wapi?" Nilitaka kulivaa kaburini likiwa laini kama zamani. Salome akainuka, akatoa kwenye rafu ya mama kichupa cha glisarini kilichofika nusu.

"Ndiyo hii."

"Hii ya kupaka midomo?"

"Hiyo hiyo, ya dukani. Siku ile ulipochemsha mkono, mama alikwenda mjini kwenye lile duka la vitambaa. Kuna mama mmoja wa Kihindi alikuwa akifuma pale nyuma ya meza. Akamwambia, 'Sufu ni nywele, mama. Nywele zako unazichemsha?' Akamwelekeza hii."

Nilikigeuza kile kichupa mkononi. Makambako kilikuwepo kila duka. Nilikuwa naipaka glisarini hiyo visiginoni.

"Kwa nini hakuniambia?"

Salome akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Angekuambia, ungerudi kufanya nini?"

Sweta lile sikulivaa tena. Nililiacha kwa shangazi yako, akalitunza sandukuni na majani ya mwarobaini. Nondo walilipata hata hivyo, ndipo mwaka huu akalifumua, akachagua uzi uliosalimika, akafuma upya kwa kipimo chako. Tazama ukosi wake, mwanangu. Ule mstari wa kijani ndio mkono wa Mkiwa.

Sasa nakupa dawa yote. Tia maji ya baridi katika beseni, yasiwe ya moto hata kidogo, na sabuni laini, ile ya kuoshea nywele inafaa. Lizamishe sweta ulibonyeze tu kwa viganja. Usilisugue, usilipige, usilikamue kwa kulisokota. Lisuuze kwa maji yenye ubaridi ule ule, maana sufu hushtuka kama mtu. Halafu maji mengine masafi, kijiko cha glisarini na matone machache ya ndimu iliyochujwa, ulilaze humo tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Kama glisarini hukuipata, ile dawa mnayolainishia nywele saluni inafanya kazi hiyo hiyo. Likunje ndani ya taulo ulikandamize litoke maji, kisha ulitandaze kivulini ukilinyosha kwa mkono. Usilitundike, litarefuka kama shingo ya mbuni. Na kabla ya yote, jaribu dawa yoyote kwenye kipande kidogo ambacho hutakililia. Laiti ningelijua hilo mbele ya ile sufuria.

Litawasha tena baada ya muda, usilikasirikie. Ulaini haufanywi mara moja ukabaki. Hufanywa, ukachoka, ukafanywa tena. Vivyo hivyo watu. Mtu wako akikuchoma kwa maneno makavu usimwinjikie sufuria. Muulize ametoka wapi, umpe maji ya baridi na kivuli.

Na jingine ndilo kubwa. Watu wanaokupenda hawatakuambia kila mara kwamba wanakutaka karibu. Watakuuliza habari ya sweta. Watakuuliza kama viatu havibani, kama umekula, kama huko kunanyesha. Usijibu tu, "Hakuna shida." Sikiliza kinachoombwa chini ya swali. Mimi nilijibu sweta, na mama hakuwa ameuliza sweta.

Kumgawia rafiki yako si vibaya, mwanangu, mkono unaotoa haupungukiwi. Lilainishe kwanza, livae siku moja ya upepo, ndipo uamue. Sitakulaumu.

Nimekupa dawa yote, sikuficha hata tone, na nimefanya hivyo nikijua ninachokipoteza. Sitaki urudi kwa sababu una shida ambayo mimi peke yangu najua kuitibu. Mama yangu alitumia njia ile kwa kuwa alimjua mwanawe. Mimi nakuambia waziwazi, ili siku moja usije ukakishika kichupa na kukigeuza mkononi kama mimi.

Mungu akupe safari zisizokuchubua, na watu wa njia watakaojua jina lako, na mtu wa kusimama mbele ya lori na trei ya mayai ukihitaji muda kidogo zaidi. Na treni ya kuja Manyoni ukiiona imesimama, panda. Njoo hata kama sweta haliwashi.