Mbao za Eva Zilizotoka Mbali

Evarista alijifunza kugandisha vinia, zile tabaka nyembamba za mti, katika kiwanda kimoja cha plaiwudi Mafinga. Kiwanda kilipopunguza watu, alifungua karakana nyuma ya nyumba yake, akawa anaunda vitanda na majeneza. Ni shemeji yake Liberatus, mdogo wa marehemu mumewe, aliyemletea siku moja skeitibodi, kibao cha kutelezea chenye magurudumu, iliyovunjika katikati.

"Shemeji, vijana wa Mbeya wanashinda juu ya hivi vibao. Hiki unakiweza?"

Haikuwa kazi ndogo. Tabaka za mti wa mlingoti zilifumuka, nyingine zikapinda kama kigae. Akabadili gundi, akazibana upya kwa jeki ya lori, akaharibu vinia vya kutosha kuzungushia banda. Masika yalipokwisha, ubao mmoja ulikubali: aliupanda kwa miguu yote miwili, ukanesa, usilie. Akauchoma jina EVA upande wa chini kwa nondo ya moto. Akaunda nyingine, Liberatus akawa anazipeleka mbao hizo Mbeya, nazo zikapendwa.

Mwaka jana akaacha kuagiza. "Soko limelala, shemeji. Vijana wamehamia kwenye simu."

Evarista alimwamini. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi. Akarudi kwenye majeneza yake.

Kisha akaenda Mbeya kwenye kipaimara cha mpwa wake. Baada ya ibada aliona vijana wakiteleza kwenye uwanja wa saruji jirani na kanisa, na mbao zao zikiruka, jina lake lilionekana chini. Akawasogelea kwa furaha. Akaomba kushika ubao mmoja. Ulikuwa wa mti mweupe, si mlingoti wake. Na jina halikuchomwa, lilipakwa rangi.

"Umeununua wapi, mwanangu?"

"Kwa Liberatus," akajibu msichana mwenye ubao, Violet. "Kuna mama mjane Mafinga anazitengeneza kwa mkono. Tunamuunga mkono."

Dukani kwa Liberatus, maboksi yenye maandishi ya Kichina yalipangwa hadi darini. Hakujaribu kuyaficha.

"Hata zile zenye majina makubwa, shemeji, nyingi zinatoka viwanda vya huko huko. Kila mtu anabandika jina lake tu. Wewe na jeki yako ungetosheleza mji huu?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Basi ulijua si haki."

Liberatus akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Mbao zile Evarista angeweza kuzisamehe. Kilichomchoma ni ujane wake: alidhani wanamwomboleza marehemu wote wawili, kumbe mwenzake ameufanya tangazo la duka.

Alirudi uwanjani akawaambia vijana ukweli. Wengine walicheka, wakaendelea kuteleza. Violet aliomba namba yake ya simu, na sasa yeye na wenzake wachache huzifuata mbao wenyewe Mafinga.

Wazee wa ukoo walipomleta Liberatus ili yaishe, Evarista aliwapikia kuku, akawanawisha mikono wote, hata Liberatus. Liberatus akaapa kwamba jina lile hatalitumia tena. Evarista alimtazama usoni muda mrefu, asijue kama anasema kweli.