Viti vya Mgeni

Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyu alipakia malori kwenye ghala la misaada ya maafa, na wenzake walimbatiza Kinyume, kwa kuwa alipakia kinyumenyume: kitakachoshuka kwanza hupanda mwisho. Wapya walimcheka. Wakishatumwa kwa watu wenye kiu, wakalazimika kushusha mahema mia kabla ya kuyafikia maji, kicheko kiliwaisha wenyewe.

Kimbunga kilipopiga, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa ng'ambo ya mto. Alikuwa na kisukari. Akampigia simu.

"Mdogo wangu, sindano zangu zimechukuliwa na maji. Nimebaki na ya leo tu."

"Usihofu, dada. Lori linatoka asubuhi hii. Dawa napandisha mwisho, kwa mkono wangu."

Na kweli, sanduku la dawa lilikuwa bado sakafuni likisubiri zamu yake, msimamizi wa ghala alipoleta viti vya plastiki mia mbili, mahema na spika. Eti mgeni mkubwa angekwenda kuwapa pole waathirika.

"Hivi vishuke kwanza."

"Bosi, na dawa je?"

"Dawa si zinakwenda na lori hilohilo? Au umri huu unataka kuanza kutafuta kazi?"

Hapo ndipo angesema. Badala yake alifunika kombe mwanaharamu apite, akasukuma sanduku ndani kabisa, akavifunga viti kumi kumi kwa lile fundo lake lililowashinda vijana wote wa ghalani. Hata katika woga, kazi yake ilikuwa safi.

Mtoni daraja lilikuwa limekatika, na boti ilikuwa moja. Afisa aliyesindikiza lori akaamuru kinachoshuka kwanza kivuke kwanza, mgeni asije akakosa pa kukaa. Boti ikaenda safari tatu: viti, mahema, spika. Kisha mto ukafura, boti ikazuiwa siku tatu. Mgeni mwenyewe alipita juu kwa ndege, akapigwa picha akichungulia dirishani, akarudi zake kula.

Dawa zilivuka siku ya nne, na Kinyume, aliyekuwa amelifuata lori mpaka mtoni, alivuka nazo. Dada yake alikuwa amezikwa jana yake.

Uani kwa marehemu waombolezaji walikuwa wamesimama, viti vimerundikwa pembeni. Mpwa wake wa kike akamjia, macho yamemvimba.

"Mjomba, tumeazimwa viti, lakini kamba hizi zimetushinda. Hata kisu hatuna, vyote vimekwenda na maji."

Alilitambua fundo kabla hajalishika. Akapiga magoti matopeni, akafungua moja baada ya jingine, mpaka kila mtu akapata kiti.

"Na wewe kaa basi, mjomba. Umechoka."

"Niache nisimame, mwanangu," akasema. "Hivi nilivipakia mimi."