Raundi ya Mwisho Bila Kusindikizwa

Jumanne asubuhi nilikuwa nikifagia mlangoni mwa jimu moja hapa Nakuru. Kundi la saa kumi na mbili lina desturi yake: wanaomaliza mapema hurudi kukimbia na aliyebaki nyuma. Anayebaki nyuma kila siku ni mama mmoja wa makamo, mwalimu wa nasari. Alikuwa na gunia la mchanga begani, na raundi moja ya uwanja imebaki, wenzake saba walipomzunguka.

"Twende, mathe, tuko na wewe," kijana mmoja akamwambia.

Mama akasimama. "Boss, miezi tatu mnanisindikiza kama jeneza. Leo niacheni nione kama naweza."

Kocha akawaashiria waketi. Wakaketi, wengine wakiangalia viatu vyao. Mama alitembea zaidi kuliko kukimbia, akaegemea ukuta mara mbili, lakini gunia halikugusa chini mpaka alipofika.

Akajipangusa uso kwa mkono. "Haya. Nani ananisaidia kurudisha hii gunia stoo?"

Wote saba wakainuka. Watu wale hawajawahi kuwa wachoyo wa msaada. Kungoja kuitwa tu ndiko kulikuwa kunawashinda.