Uso wa Mkamwana Wangu Hauna Kovu

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Tarime ukiiacha si neno. Nimemshika kichwa mke wa mwanangu, nikamnyoa nywele na kumshona kwa mikono yangu, zaidi ya mara moja, na hakuna mzee wa ukoo wetu anayejua. Wakurya wenzangu mmeshtuka. Ninyi wengine jueni kwamba kwetu baba mkwe na mkamwana hawapeani hata mkono.

Nina miaka themanini na moja. Mtakaoniamkia, marahaba. Nilikuwa tabibu wa serikali hadi nilipostaafu. Sasa saratani imeingia kwenye mifupa na siinuki bila kushikwa. Anayenishika ni mwanangu wa mwisho, mchimbaji kwenye maduara ya dhahabu kule Nyakunguru. Ananiogesha, ananinywesha uji, ananigeuza kitandani kwa upole hadi majirani wanamsifu. Mkewe nitamwita Gati.

Gati alipoolewa hapa aliongoza kwaya, nyimbo zote kichwani, hashiki kitabu. Siku hizi husimama katikati ya ubeti akawatazama watu kama wageni walioingia kwake bila hodi. Huenda kisimani akarudi na ndoo tupu. Mwanga unamuumiza, hujifunga kanga machoni mchana kweupe. Akitembea hupepesuka, akisema ulimi unakuwa mzito. Wengine wanasema anakunywa chang'aa, wengine amerogwa. Juzi aliacha moto jikoni, mtoto wake mdogo akiwa pembeni, akaenda kulala. Ukuta ulishika moto, jirani akamtoa mtoto.

Ndiyo maana ukoo unakaa Jumamosi hii. Mdogo wangu alikuja kuniambia walivyokwisha kupanga.

"Kaka, huyu mwanamke ameharibika. Arudi kwao Serengeti, watoto wabaki."

"Huenda anapigwa," nikasema, kama mtu anayekisia tu.

Akacheka. "Anapigwa wapi? Uso wake mtazame, safi kama wa msichana. Mke wangu ana kovu la jicho tangu tulipooana, na hajasahau hata siku moja kunitukana!"

Mwanangu alikuwa mlangoni na kikombe changu cha uji. "Baba mdogo, umewahi kumwona na alama?"

"Sijawahi, mwanangu."

"Haya." Akanigeukia mimi baba yake. "Tata, kunywa uji, unapoa."

Nikanywa.

Mara ya kwanza mwanangu alimleta Gati mwenyewe, amemkandamiza kanga kisogoni, damu inashuka mgongoni. Hospitali wangetaka kwanza fomu ya PF3, na PF3 inatoka polisi. "Tata, si wewe ni daktari?" Nikafunga mlango. Gati alipoona nachukua wembe aliniamkia, "Shikamoo baba," huku damu inamtoka, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kusema kwa mkwe anayetaka kumgusa. Alifumba macho hadi mwisho. Nadhani maumivu hayakumsumbua kama ile aibu. Nywele zikaota, zikafunika. Kisha akaletwa tena, na tena. Mara ya mwisho alizimia, akatapika, na asubuhi aliniuliza ni nani amefariki hata nimekesha naye.

Nilijua ninachokitazama. Kazini nilipokea wachimbaji walioangukiwa na mawe na vijana wa bodaboda, na ndugu zao niliwaambia: ubongo wake umeumia, akigongwa tena kabla hajapona atabaki hivi au atakufa, mpelekeni haraka. Gati sikumpeleka popote. Nilimwambia apumzike, na mchana nikamsikia akipasua kuni.

Anachohitaji nakijua. Kwanza awe mbali na ule mkono. Apigwe picha ya kichwa Mwanza. Apate kivuli, utulivu, na watu wa kumwambia jambo moja moja. Mimi nikimwambia, "Gati, koka moto," nikanyamaza, anakoka. Mume wake humtupia maneno matatu kwa mpigo, yeye anaganda, na kule kuganda kwake ndiko kunakomtia mwenzake hasira.

Sasa nikisema kikaoni, wataniuliza nimeyaonaje makovu yaliyo chini ya nywele. Sina jibu isipokuwa kwamba nilimgusa. Mimi nitazikwa bila wazee kukaa kaburini, hilo nimeshalikubali. Lakini yeye je? Watasema ni mwanamke aliyechezewa na baba mkwe, na hapo hata kwao hawatampokea. Nikipiga simu dawati la jinsia polisi, mwanangu atachukuliwa, au ataambiwa mapema na rafiki yake wa huko huko. Jana aliponigeuza upande wa ukutani hakuondoa mkono begani. "Tata, siku hizi simu huiachi. Unaandika nini?" Nikasema nasoma habari. Akabaki amenishika. Kisha nikamsikia jikoni akimwambia mkewe: "Kikao kikiisha, wewe na mimi tutazungumza." Gati huenda alishasahau kuna kikao.

Mnaojua sheria, na ninyi mliomuuguza dada au mama aliyeumizwa hivi, nielekezeni kabla ya Jumamosi. Nianzie wapi ili atoke humu akiwa hai, na watoto wake, na jina lake likiwa safi? Nguvu zangu ni za kusema mara moja tu.

Ila msinijibu kabla ya kujua na hili, maana nimeandika yote haya nikilizunguka. Mwaka waliofunga ndoa, Gati alikuja kanisani jicho limevimba, watu wakageuka kumtazama. Niliona haya, mimi msomi wa kijiji. Jioni nikamwita mwanangu, nikamwambia kwa sauti ya chini, kama nampa wosia: "Mtu mwenye heshima hampigi mke wake usoni."

Mwanangu ni mtii. Uso hajaugusa tena.