Koti la Dov na Karatasi ya Ariane

Asubuhi Candide alipowakuta wazungu wanne wakipiga mswaki kwenye bomba la uani, alirudi chumbani kwake, akaketi kitandani na kushika kichwa. Nyuma yao lilisimama basi kuukuu lenye mapazia, na kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kutoka kioo cha pembeni hadi kwenye nguzo ya gereji ya Burhani. Baba, mama, mvulana na msichana, wote na makoti juu ya nguo za kulalia. Kwa Candide, mtu anayeanika nguo zake kwenye gari ni mtu aliyefukuzwa. Alilijua hilo kwa mwili wake. Mei ya mwaka 2008, wageni waliposhambuliwa, alitoka mtaa wa Alexandra hapa Johannesburg mbio, mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani mikononi, akalala kwenye hema wiki sita, na mpaka mwaka huu wa 2013, akiishi mtaa wa Troyeville, akisikia kelele za watu wengi humshika mtoto kwanza ndipo aulize kuna nini.

Lakini wazungu? Nani wa kuwafukuza wazungu?

Mrundi huyu hakulelewa kupita penye msiba akaangalia pembeni. Akabandika maharage sufuria nzima, akachukua na blanketi, akaenda kugonga mlango wa basi.

"Poleni sana, madamu," akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Ni nani aliyewafukuza?"

Mama wa watoto, jina lake Ilana, alimtazama kama aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Hakuna aliyetufukuza. Tuliuza nyumba wenyewe."

"Mliuza kwa sababu gani?"

"Ili tuishi humu."

Candide alishusha sufuria chini. Akaelezwa, tena taratibu: wao ni Wayahudi wa hapahapa Johannesburg, walikuwa na nyumba yenye bustani huko Glenhazel, wakaiuza, wakanunua basi na kulitia vitanda na jiko, na sasa ni mwaka mzima wanazunguka nalo kutoka jangwa hadi pwani. Wamerudi mjini kwa sababu mwana wao Dov anatimiza miaka kumi na mitatu, na kwa desturi yao atasimama Jumamosi moja mbele ya watu wake wote, asome Torati, kisha ahesabiwe mtu mzima. Gia zikafa njiani. Burhani amesema wiki tatu.

"Na shule?" Candide akauliza.

Ilana akaonyesha meza ya kukunja, ndogo kuliko sinia la pilau. "Shule ndiyo hii. Ninawafundisha mimi."

"Wewe ni mwalimu?"

"Nilikuwa daktari wa meno."

Waswahili husema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Hawa walikuwa watu wa Musa wenyewe, na Candide bado alikuwa hajamaliza kustaajabu. "Serikali haikuwakamata?"

"Hapana. Tulijaza fomu, wakatukubalia."

Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Binti yake Ariane, wa miaka tisa, alikuwa nje ya shule tangu Januari. Karatasi yao ya ukimbizi ilikwisha muda, ofisi ya kuihuisha ilikuwa foleni na njoo kesho, na mwalimu mkuu wa shule ya mtaani alikwisha kumrudisha Candide mara tatu pale dirishani: hakuna karatasi, hakuna nafasi. Baba wa mtoto alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na simu zake zikapungua mpaka zikakoma. Candide mwenyewe aliishia darasa la sita huko Bujumbura, na alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatakomea hapo. Sasa angalia dunia ilivyo na kichaa: hawa wamepewa karatasi ya kutokwenda shule, na Ariane wake anakosa karatasi ya kwenda! Alirudi kwake kwa hasira, akashona zipu ya mteja nyuma mbele.

Hata hivyo ujirani ni ujirani. Sufuria ilirudi na shukrani nyingi na maharage yote, kwa kuwa Mungu wao ana masharti hata kwa vyombo vya kupikia, na Candide akanuna siku mbili. Siku ya tatu Ilana alikuja na kitambaa cha sufu, rangi ya bluu iliyoiva, akaomba koti la Dov. Agosti ilikuwa ya baridi kali. Candide alikiona kile kitambaa, akasamehe.

Tangu hapo Ariane akawa hatoki kwenye ngazi za basi. Candide alidhani anacheza na Talya, yule msichana wao, na akamwacha. Afadhali huko kuliko barabarani. Dov alisikika kutwa akiimba maneno yake ya Kiebrania, akikosea, akirudia, na mama yake akimweleza maana kwa Kiingereza.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, koti lilikuwa tayari. Na lilikuwa koti kwelikweli. Candide alikuwa ameweka kitani kigumu ndani ya kola na kifua, kama alivyofundishwa na fundi wake Bujumbura, kwa sababu sufu bila kitani hulegea kama sikio la mbwa. Ariane akaokota kipande kilichoanguka chini.

"Eish, mama. Hiki ni kitani?"

"Ndiyo. Kiko ndani ya koti."

"Kitoe! Hawaruhusiwi sufu na kitani pamoja. Imo kwenye Torati. Ndiyo sehemu atakayosoma Dov!"

"Nani amekuambia?"

"Nilikuwepo darasani."

Candide alibaki na sindano mdomoni. Darasani! Alimkokota mtoto mpaka kwenye basi, akamuuliza Ilana. Ilana akaweka kiganja mdomoni. Ni kweli. Mafundi wa kwao wote wanajua, ndiyo maana hakukumbuka kusema. Na mtoto angesimama mbele ya ukoo mzima akisoma katazo huku amelivaa.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Candide akalia. "Nitafumua. Nitatia pamba. Kesho kabla ya jua kuzama mtakuwa nalo."

"Ariane ametuokoa," Ilana akasema. "Anashika haraka sana. Kwenu yuko darasa la ngapi?"

"Hana darasa. Shule wamemkataa."

Ilana akageuka mweupe kuliko alivyo. "Nilidhani na ninyi mnafundishia nyumbani," akasema. "Nilidhani mmechagua."

Ijumaa asubuhi Ilana alifuatana na Candide na Ariane hadi shuleni. Mara hii hawakusimamishwa dirishani. Mwalimu mkuu alitoka mwenyewe, akawaingiza ndani, akawavutia viti. Candide hakuwa na habari kwamba ofisi ile ina viti vya wageni. Ilana akasema mtoto huyu ni mwerevu na anahitaji nafasi. Candide akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokwisha muda, akainyoosha mezani kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu hakuitazama, alimuuliza jina lake tu, akaliandika.

"Hiyo tutaishughulikia baadaye," akasema, na uso wake ulimwelekea Ilana. "Jumatatu, saa mbili kasoro robo. Sare ni ya kijani."

Ariane alitoka akiruka. Ilana alitoka akitabasamu, akamshika Candide mkono pale getini. "Umeona? Si mtu mbaya. Ilitakiwa tu kuja kumwomba."

Candide alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira, na hakujua ipi kati ya hizo imtoke kwanza.

"Nimekuja mara tatu, Mama Dov."

"Kwa mtu mwingine?"

"Kwa huyuhuyu. Mara tatu, na mtoto huyuhuyu mkononi."

Tabasamu la Ilana likafa. Akageuka, akatazama kule ofisini.

"Na leo," Candide akasema, "ndiyo mara ya kwanza ananiuliza jina langu."