Chapa ya Ngamia kwenye Shingo ya Pikipiki

Jelle alikuwa na ngamia kumi na tisa. Ukame ukaja, ukachukua kumi na saba, ukamwachia wawili ili asiseme amenyimwa. Hao wawili akawauza pale soko la mifugo Garissa, akanunua pikipiki iliyokwisha tumika.

Siku hiyohiyo alifanya jambo ambalo mtu wa Thika, asiyefuga ngamia, hawezi hata kuliota. Alichukua patasi na nyundo, akaipiga chapa ya ukoo wao, mistari miwili na duara chini yake, kwenye shingo ya pikipiki upande wa kulia. Ngamia wao hupigwa chapa shingoni upande wa kulia, kwa hivyo yeye aliona ni sawa kabisa. Mkewe Asli alimtazama mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, "Na dume lake utalitafuta lini?"

Miaka sita ikapita. Kila alfajiri Jelle anatoka mjini kwenda kambi ya Guleid, mfugaji wa ngamia, karibu kilomita thelathini za mchanga. Anafunga mitungi ya maziwa pande zote mbili, anamfikishia Saynab, muuza maziwa, sokoni kabla jua halijakasirika. Ile pikipiki ilikuwa na sauti ya mzee anayekoroma baada ya kushiba. Ngamia waliizoea. Wakiisikia tu wanajua saa ya kukamuliwa imefika. Na Guleid humpa Jelle bakuli moja anywe akiwa amesimama katikati yao. Mshahara wa Jelle ulikuwa wa Asli na watoto. Bakuli ndilo lilikuwa lake.

Sasa siku moja ekzosi, iliyoliwa na kutu, ikaanguka ndani ya laga, ule mto mkavu. Jelle akaikokota pikipiki hadi kwa Hamse, fundi.

"Ile ya kiwanda hapa hakuna, abti," Hamse akasema, kwa heshima kama kwa mjomba. "Kuagiza ni safari. Lakini niko na hii." Akatoa bomba linalong'aa kama jino la dhahabu.

Angekataa. Lakini tuwe wakweli: mtu wa miaka arobaini na minane, hana ngamia, amezoea watu kumpita kama nguzo ya stima. Alipopita soko la mifugo na lile bomba, likinguruma mpaka mbuzi wanaruka kamba, watu ambao hawakuwa wamemwona tangu ukame waligeuka wote. Jelle akazunguka mara ya pili. Alikuwa amesahau kitu, alisema.

"Jelle," Saynab akamwambia, vidole viko masikioni, "wewe unabeba maziwa au unabeba vita?"

Kesho yake alfajiri akaingia kambini nayo. Ngamia arobaini walisimama kwa pamoja. Wengine walikimbia upande wa Diff, kule mpakani, kama wamepigiwa simu kutoka huko. Addo, yule mweupe anayeongoza kwa maziwa, akapiga ndoo teke, kisha akafunga maziwa. Guleid alimkanda kiwele, akamwimbia, akamletea ndama wake anyonye. Hakuna hata tone.

"Warya Jelle!" Guleid akapiga kelele. "Umeniletea nini? Ngamia si mfereji, ati unafungua tu!"

"Watazoea, walaahi. Wape siku mbili."

"Wao wazoee? Wewe ndiye utazoea. Sikiliza. Mwezi ukiandama na hiyo kitu bado inabweka, kazi nampa Mustaf. Pikipiki yake inaongea kwa adabu."

Siku hiyo Jelle hakupewa bakuli.

Akajaribu mbinu za mitaani kwanza. Alijaza ndani ya bomba waya wa kusugulia sufuria. Kilomita ya nne ukatoka kama risasi, ukamkosa punda wa watu. Asli alilalamika wiki nzima kwamba waya wake umeibwa, na Jelle akamsaidia kumlaani mwizi. Halafu akawa anazima pikipiki mbali, anaisukuma mchangani mpaka kambini, na kurudi anaisukuma tena na maziwa yake juu. Jua likawa linamkuta njiani. Saynab alifungua mtungi, akanusa, akaufunga. "Hii wauzie paka," akasema.

Ikabaki duka la wakala wa ile kampuni ya pikipiki. Msichana wa pale alitoka bara, na alikuwa mpole.

"Mzee, hii modeli walibadilisha ekzosi katikati ya mwaka. Ya kwanza haiingii kwa ya pili. Kiwanda kinataka nambari ya fremu ndiyo kijue yako ni gani."

Akatoka nje na simu yake, akainama kwenye shingo ya pikipiki. Alikaa hapo muda.

"Nambari imechorwachorwa juu. Hii ni nini?"

"Hiyo ni jina yangu."

"Kiwanda hakijui jina lako, mzee. Logbuku iko?"

"Mbuzi alikula."

Msichana akaomba msamaha kwa kucheka, kisha akacheka tena.

Hamse akasema jambo ni rahisi. Nambari ya kiwanda imezama ndani kuliko chapa. Upitishe tupa juu kidogo, chapa inatoka, nambari inabaki. Akainua tupa.

"Ngoja," Jelle akasema.

Akakaa kwenye kreti, akaagiza chai, ikapoa mkononi. Kumi na saba walikufa na ile chapa shingoni. Wawili walipandishwa lori nayo. Chapa ilikuwa imebaki hapo tu.

"Abti, mwezi hausubiri chai."

Jelle akasimama, akamnyang'anya tupa. Mnyama wako humpi mtu mwingine akuchinjie. "Bismillahi," akasema, akaanza kusugua yeye mwenyewe. Hamse akamshikia usukani mpaka nambari zote zikatokea.

Msichana wa dukani akaituma nambari kiwandani, na ekzosi ikafika na basi kutoka Nairobi, siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Nyeusi, nzito, haina urembo wowote. Iliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Alfajiri Guleid alikuwa anamalizia swala. Alipotoa salamu na kugeuka, akamkuta Jelle amesimama nyuma yake.

"Umekuja kwa miguu?"

Jelle akaionyesha pikipiki kwa kidevu. Addo alikuwa amekwisha kujisogeza mwenyewe karibu na ndoo, anasubiri kama mke ambaye mumewe amechelewa.

Guleid akakamua, akajaza bakuli, akampelekea. Ndipo akaiona shingo ya pikipiki, imekwanguliwa ikawa nyeupe. Yeye ni mfugaji, alijua kilichokuwa pale. Akaingia kibandani, akatoka na msumari na jiwe, akamwekea Jelle miguuni.

Jelle akanywa mpaka chini, akapangusa ndevu. Akalala chali mchangani chini ya pikipiki, akaanza kugonga kwenye ekzosi mpya, upande usioonekana: mistari miwili, na duara.

"Hapo hakuna nambari?" Guleid akauliza.

"Nimeangalia mara tatu."

"Haya, gonga vizuri. Ikipotelea malishoni tujue ni ya nani."