Niliuza kahawa ya mume wangu ikiwa maua, nikanunua tiketi arobaini

Admin, nifichie jina na kijiji, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, nimeolewa Karagwe, upande wa Nyabiyonza. Tunaishi kwa ndizi na kahawa, kwenye kibanja alichoachiwa mume wangu na mama yake. Naandika haraka haraka, mnisamehe makosa.

Kahawa ilipokuwa inachanua, alikuja kijana gulioni akiuza tiketi za bahati nasibu, zawadi pikipiki mpya. Mume wangu hupeleka ndizi sokoni kwa baiskeli, anarudi hoi, nikasema nimfanyie sapraizi. Nikanunua moja. Kijana akacheka. "Mama, mwenye moja anabahatisha. Mwenye nyingi ana uhakika." Jamani, nilimwamini kama padri! Nikajipigia hesabu zangu kwamba kila tiketi inaisogeza mbele ile nyingine, nikifikisha arobaini pikipiki iko mlangoni.

Hela sikuwa nayo. Nikafanya butura, yaani nilimuuzia mfanyabiashara kahawa yetu yote ingali maua, kwa bei ya kutupa, nikasaini karatasi. Mume wangu hajui. Nilijiambia pikipiki ikifika tutaicheka hiyo karatasi pamoja.

Miezi ikapita, matunda yakakomaa, ndipo matokeo yakasomwa redioni. Mshindi ni mtu wa mkoa mwingine. Nilikaa jikoni nikizikagua tiketi upya, moja moja, labda nimesikia vibaya.

Mdogo wangu wa kike anafundisha hesabu shuleni huko Kihanga. Nilimsimulia, ila kahawa sikuitaja. Akanipeleka kwenye gunia la maharage.

"Dada, chukulia kila punje humu ni tiketi iliyouzwa, na inayoshinda ni moja tu. Ukiwa na arobaini, nafasi yako ni mara arobaini ya mwenye moja, kweli kabisa. Haya, hesabu arobaini utoe."

Nikatoa. Zikaenea kwenye kiganja kimoja. Gunia halikupungua.

"Waitu, jamani dada, hayo yote yaliyobaki ni ya watu wengine," akasema.

Mnunuzi amepiga simu, anakuja Jumamosi. Nikamwomba anisubiri kidogo. "Mama, karatasi si ulisaini mwenyewe? Mimi nakuja na wachumaji wangu." Butura imekatazwa, kwa hiyo hata kwa mtendaji naogopa kwenda, nitaanza kuulizwa mimi. Na kuna jingine naona aibu kulisema. Yule kijana wa tiketi amerudi gulioni, na nilipomwona nikawaza safari hii nichukue themanini. Baada ya lile gunia lote! Najiogopa mwenyewe.

Leo asubuhi mume wangu ametoka kibanjani anatabasamu, akaniwekea mkononi tunda la kwanza jekundu la kahawa.

"Mama watoto, mwaka huu Mungu ametukumbuka. Jumamosi tunaanza kuchuma."

Nikamjibu amina, nikaingia jikoni.

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, mnaotaka kunitukana nitukaneni, ila mniambie nianze na neno gani. Na kama umeshaisoma hii kabla sijapata ujasiri, baba watoto, niko jikoni.